Baiskeli na masika ya Tanga: mwongozo kamili wa kwenda kazini mvua ikinyesha

Kila mwaka ikifika Aprili, baiskeli nyingi za Tanga huingizwa ndani na kuegemezwa ukutani mpaka Juni. Mwenye baiskeli anaanza kupanda bajaji asubuhi na jioni, na hela iliyokuwa inabaki mfukoni inaishia kwenye nauli. Naandika mwongozo huu kwa sababu naamini hilo si lazima. Sehemu kubwa ya mji wetu ni tambarare, safari za watu wengi ni fupi, na mvua ya pwani ni ya joto. Watu wanaanguka kwa sababu ya breki ambazo hazijatazamwa tangu kaskazi, au kwa sababu wamefuata njia ya mkato bila kujua maji ya mtaa ule yanaelekea wapi. Yote mawili yana dawa.

Wako watu wanaovumilia makubwa kuliko haya. Oulu, mji wa kaskazini mwa Ufini, watu wanakwenda kazini na shuleni kwa baiskeli katikati ya theluji na barafu, na mwaka 2013 mji huo uliandaa kongamano la kwanza la kimataifa la baiskeli za majira ya baridi. Wako wanaofunga tairi zenye vijino vya chuma ili ziume barafu. Utelezi wetu sisi ni wa maji, matope na mafuta yanayodondoka kwenye magari, na hauhitaji tairi za pekee. Unahitaji matayarisho yaanze mapema na mwendo ubadilike.

Masika yetu ni Machi mpaka Mei, na Mei ndiyo mara nyingi inayopiga zaidi. Kwa hiyo matayarisho yafanyike Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na mafundi hawana foleni. Ukisubiri mpaka mvua ianze, utamkuta fundi amezungukwa na baiskeli za watu, na yako itafanywa harakaharaka.

Hatua ya kwanza: breki, kabla ya kitu kingine chochote

Kama una hela ya kutengeneza kitu kimoja tu, tengeneza breki. Koti la mvua unaweza kuazima, breki huwezi.

Elewa kwanza kinachotokea. Baiskeli nyingi za hapa, Phoenix na ndugu zake, zina rimu za chuma zilizopakwa kromu. Zikiwa kavu, raba ya breki inashika vizuri. Zikilowa, maji yanakaa kati ya raba na chuma, na raba inateleza. Unabana breki, baiskeli inaendelea kwenda. Gurudumu linazunguka mara kadhaa raba ikiwa inafuta maji, halafu breki inakamata kwa ghafla. Huo mshiko wa ghafla ndio unaowabwaga watu, kwa sababu mtu aliyeona breki haishiki amekwisha kubana kwa nguvu zake zote.

Usikubali maneno yangu hivihivi, jipime mwenyewe. Tafuta kipande cha barabara kisicho na magari, chora mstari kwa mkaa. Njoo kwa mwendo wako wa kawaida, bana breki ukifika kwenye mstari, simama, kisha hesabu hatua kutoka mstarini mpaka ulipoishia. Sasa chukua kopo la maji, mwagia rimu zote mbili na raba zake huku ukizungusha magurudumu, rudia vilevile. Hizo hatua zilizoongezeka ndizo nafasi unayotakiwa kuiacha mbele yako mvua ikinyesha. Zikiwa zimeongezeka mara mbili, basi mwendo wako wa kiangazi hauna kazi tena mpaka Juni.

Ukishajua hali yako, rekebisha. Raba zilizochakaa au zilizokauka mpaka zinang'aa, badilisha zote nne kwa pamoja. Zile zinazong'aa lakini bado ni nene zinaweza kukwanguliwa kidogo kwa msasa zikapata meno upya. Rimu isugue kwa maji na sabuni mpaka kidole kikipita kisitoke na weusi. Mafuta ya cheni yakifika pale, hakuna raba itakayoshika. Breki za vyuma vya kuvuta zikague kwenye maungio, kwa maana kila ungio likilegea kidogo, mkono unafika mwisho kabla raba haijabana. Breki za waya, angalia nyuzi pale waya unapoingia kwenye mkono wa breki. Uzi mmoja ukiwa umekatika, nunua waya mpya; nyuzi zilizobaki hazitakungoja.

Kwa anayefikiria kununua baiskeli nyingine kabla ya masika, mimi ningemshauri atazame mitumba ya Japani. Nyingi kati ya zile za mjini zenye kikapu mbele zina breki ya nyuma iliyofungwa ndani ya kibati katikati ya gurudumu. Maji hayaifikii kwa urahisi, kwa hiyo inashika karibu vilevile mvua na jua. Zinapiga kelele zikizeeka, lakini zinasimamisha. Nyingi pia zina rimu ya alumini mbele, na alumini iliyolowa inashikika kuliko chuma cha kromu.

Hatua ya pili: tairi, madigadi, cheni, taa

Tairi ya kutumia kwenye lami haihitaji meno makubwa. Baiskeli haielei juu ya maji kama gari la mwendo mkali, na kinachoshika lami ni mpira wenyewe kugusana na ardhi. Meno yana kazi kwenye tope. Kwa hiyo kama unatoka Mwahako au Pongwe ndani, kwenye njia za udongo, tafuta tairi yenye meno. Kama unatoka Chumbageni kwenda bandarini, tairi ya kawaida isiyo na nyufa inatosha. Kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Wakati wa mvua punguza kidogo tu kutoka pale juu kabisa, tairi ikae chini vizuri. Usipunguze mpaka rimu igonge ukipita kwenye shimo.

Pancha zitaongezeka, hilo lijue. Maji yanaleta vipande vya chupa na miiba kutoka mitaroni, na mpira uliolowa hukatika kwa wepesi zaidi. Beba vifaa vyako, na ukiziba njiani kumbuka kwamba kiraka hakishiki kwenye tyubu yenye unyevu. Ifute, isugue kwa msasa, pakaa gundi, kisha ngoja mpaka gundi ikiguswa isinate kidoleni. Hapo ndipo ubandike. Watu wengi wanabandika gundi ikiwa bado mbichi, na kiraka kinang'oka kabla hawajafika.

Madigadi yawepo, ya mbele na ya nyuma. Madigadi mengi hayashuki chini vya kutosha, na maji ya gurudumu la mbele yanarushwa moja kwa moja kwenye miguu na kwenye cheni. Dawa yake ni dumu bovu. Kata kipande cha ubavu wa dumu, upana wa kiganja na urefu wa shibiri moja hivi, kwa chini kipanuliwe kidogo. Toboa matundu mawili kwa msumari uliopashwa moto, kifunge ncha ya madigadi kwa bolti ndogo zenye nati, kiache kama sentimeta kumi kutoka ardhini. Plastiki ya dumu inapinda ikigonga tuta halafu inarudi, haivunjiki. Ni kazi ya nusu saa, na viatu vyako vitaona tofauti siku hiyohiyo.

Cheni ipakwe oili safi nyepesi. Oili chafu ya gari, ambayo wengi tunapewa bure gereji, imejaa masizi na unga wa chuma. Inasaga cheni na meno yake, na ikilowa inageuka tope jeusi linaloruka mpaka kwenye rimu. Mafuta ya taa ni ya kuoshea. Ukiyaacha yawe ndiyo mafuta ya cheni, baada ya mvua moja cheni itaanza kulia.

Taa. Katikati ya Mei jua la Tanga linazama karibu saa 12 na robo jioni, na wingu likitanda giza linaingia kabla ya hapo. Dainamo ya kuzungushwa na ubavu wa tairi huteleza tairi ikilowa, taa inafifia wakati ule ule unapoihitaji. Funga tochi ya kuchaji mbele, na nyuma weka taa nyekundu. Taa ya nyuma ndiyo ya muhimu zaidi, maana dereva aliye nyuma yako anatazama kupitia kioo chenye maji na waipa mbovu. Ongeza riflekta, na stika za kung'aa kwenye madigadi ya nyuma na kwenye pedeli. Pedeli zinapanda na kushuka, na jicho la dereva huona haraka kitu kinachocheza.

Hatua ya tatu: nguo na mzigo

Wengi wanaanza kwa kutafuta suti ya mvua ya plastiki. Kwa hapa kwetu mimi siitilii mkazo sana. Joto la pwani halishuki kiasi cha kukutesa, na ukikanyaga pedeli ndani ya plastiki kwa dakika ishirini unafika umelowa jasho kama vile hukuvaa kitu. Kwa safari ya mjini, kubali kulowa. Vaa nguo nyepesi inayokauka upesi, kaptura au suruali ya kitambaa laini, nguo za kazi zikiwa kavu kwenye keria. Jinzi iache nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito, inabana magoti na haikauki mpaka kesho. Koti la mvua lina maana kwa anayesafiri mbali au alfajiri sana, na liwe la kufunguka kwapani hewa ipite. Kofia yenye ukingo mbele ni nzuri kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu inazuia matone yasikupofushe.

Kwa dada na mama zetu wanaoendesha na baibui au sketi ndefu, hatari kubwa ni cheni na spoki, na nguo iliyolowa huning'inia na kuvutwa kwa wepesi. Vaa suruali ndani, pandisha pindo na ulifunge kiunoni kwa mkanda au leso mpaka ufike. Kava la cheni lizibe lote, na nyuma funga wavu wa kuzuia nguo isiingie kwenye spoki.

Viatu: yeboyebo au sendo za plastiki zenye mkanda nyuma ya kisigino. Ndala hazifai, zinachomoka mguuni ukikanyaga chini ghafla. Gambuti zinajaa maji kutoka juu.

Mwamvuli na baiskeli, hapana. Najua tunaona kila siku. Mkono mmoja unabaki kwenye usukani, breki inabaki moja, na upepo wa kusi ukipiga mara moja tu kwenye barabara iliyo wazi kuelekea Raskazone, mwamvuli ndio unaoendesha baiskeli.

Mzigo sasa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na mkoba wa kawaida hupitisha maji kwenye zipu hata kama umeambiwa hauingizi. Chombo kizuri kuliko vyote nilivyoona ni ndoo ya lita kumi yenye mfuniko wa kubana, ile ya rangi ya nyumba. Ioshe, ikaushe, weka ndani nguo za kazi, taulo ndogo, simu, chakula na karatasi. Ilaze kwenye keria, mfuniko uelekee nyuma, uifunge kwa vipande viwili vya tyubu kuukuu vilivyopishana. Kamba ya katani ikilowa fundo lake linakuwa gumu kulifungua na mzigo unahama, lakini mpira wa tyubu unabana muda wote. Fundi yeyote ana tyubu za kutupa; ukimwomba kwa heshima hatakudai.

Hatua ya nne: ijue njia yako ikiwa kavu

Kazi hii ni ya Februari, na watu wengi hawaifanyi. Pita njia yako polepole siku ya Jumapili, utazame chini. Mashimo yako wapi? Mtaro uko upande gani, na mfuniko wake upo au umeibwa? Ni wapi lami imeliwa pembeni ikaacha ngazi? Mchanga wa njia ya vumbi unamwagikia wapi kwenye lami? Maji ya mvua yakifunika vyote hivyo, utakuwa unaviona kwa kumbukumbu tu.

Halafu tafuta njia ya pili. Hapa Tanga tumejaliwa, kwa sababu Ngamiani imepangwa kwa mistari iliyonyooka na barabara zake zina namba. Ukikuta maji yamejaa kwenye barabara moja, unakata kona unaingia inayofuata, bila kupotea. Tembea barabara mbili tatu zilizo jirani na yako mara baada ya mvua za mwanzo, uone ipi inakauka kwanza. Hiyo ndiyo njia yako ya masika, hata kama inakuongezea dakika tano. Mwinuko mdogo usioonekana kwa macho ndio unaoamua maji yasimame wapi, na wazee wa mtaa wanaujua kuliko ramani yoyote. Msalimie mzee aliyekaa barazani, muulize, "Shikamoo mzee, maji ya mtaa huu huwa yanapita wapi?" Atakueleza mpaka na yale ya zamani.

Anayetoka Amboni ana jambo la ziada. Mto Mkulumuzi na Mto Zigi inapita upande huo, na vyanzo vyake viko milimani kule Muheza na Amani, Usambara Mashariki. Mvua ikinyesha huko usiku kucha, mito inaweza kufura asubuhi wakati mjini jua linawaka. Kwa hiyo usitazame wingu la kwako tu, uliza na habari za milimani. Na wakazi wa maeneo ya chini karibu na bahari na mikoko watazame kalenda ya mwezi. Siku za bamvua, maji ya bahari yakiwa yamejaa, mitaro inayomwaga baharini haitoi maji upesi. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, barabara za chini hubaki na maji mpaka bahari ianze kupwa. Wavuvi watakuambia saa ya kujaa na ya kupwa bila kufikiri.

Hatua ya tano: saa ya kutoka

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usiku, wanautoa kwa redio, televisheni na mitandaoni. Wakitoa tahadhari ya mvua kubwa kwa Tanga, ichukulie kwa uzito. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, tahadhari zilitangulia siku kadhaa.

Siku za kawaida, toka mapema kwa robo saa. Dakika za mwanzo za mvua ndizo zenye utelezi mbaya, hasa baada ya siku kadhaa za jua: vumbi, mafuta ya magari na masizi ya tairi vinachanganyika na maji kidogo na lami inakuwa kama imepakwa sabuni. Mvua ikiendelea kunyesha kwa nguvu, inaosha. Ndiyo maana rasharasha ya dakika tano inaangusha watu wengi ambao mvua kubwa haijawahi kuwaangusha. Mvua ikianza ukiwa njiani, simama kwenye baraza ya duka mpaka barabara ioshwe. Ile robo saa ya ziada ni kwa ajili hii.

Hatua ya sita: kuendesha

Kanuni ya kwanza, bana breki kidogo kabla hujazihitaji. Ukikaribia makutano, gusa breki zote mbili kwa wepesi huku ukiendelea kukanyaga. Raba zinafuta maji kwenye rimu, na unapotaka kusimama kweli zinakuwa tayari. Fanya hivyo pia kila ukitoka dimbwini. Baada ya wiki moja mkono wenyewe utafanya bila kuambiwa.

Punguza mwendo baiskeli ikiwa imenyooka, kisha ndipo ukate kona, bila breki, pedeli ya upande wa kona ikiwa juu. Breki ya mbele ndani ya kona iliyolowa ni safari ya moja kwa moja kwenda chini.

Vitu vya kuogopa barabarani kwa macho: rangi nyeupe ya vivuko, mifuniko ya chuma, majani ya miembe na mikungu yaliyolala kwenye lami, na mchanga uliosombwa kwenye makutano ya njia ya vumbi na lami. Pita juu yake ukiwa umenyooka, usibane wala usikate.

Reli nazipa nafasi yake. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na mpaka leo imepita kati ya Ngamiani na mjini, kwa hiyo maelfu yetu tunaivuka kila siku. Chuma cha reli kikilowa hakina mshiko kabisa, na pembeni yake kuna ufa unaoweza kumeza tairi nyembamba. Ukiivuka kwa kuchepuka, gurudumu la mbele litafuata reli na wewe utabaki hewani. Vuka ukiwa mraba na reli. Kama barabara inaikata kimshazari, angalia nyuma, toa ishara kwa mkono, jipangie nafasi, uigeuze baiskeli mpaka iikabili reli. Inuka kidogo kwenye kiti, mikono iwe milegevu, usikanyage pedeli wala kubana breki gurudumu likiwa juu ya chuma. Nyuma kukiwa na bajaji zinazokusukuma kwa honi, shuka uikokote. Sekunde kumi hazijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Madimbwi: mtazame aliye mbele yako. Bajaji ikichepuka mahali ambapo maji yanaonekana yametulia, chini kuna shimo. Ikizama gurudumu moja, umepimiwa kina bila gharama. Kama hakuna aliyepita na hukumbuki chini kuna nini, usiingie. Maji yakifika kwenye haba, katikati ya gurudumu, shuka. Yakiingia humo yanasukuma grisi nje na goroli zinaanza kutu.

Kwenye tope zito la udongo, tope linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma. Beba kijiti kigumu cha kukwangulia, na pita kwenye majani ya pembeni ukiweza.

Kuhusu malori. Barabara ya kuelekea Segera inabeba malori ya simenti na ya bandarini, na lori likikupita linakumwagia ukungu wa maji machafu ambao kwa sekunde kadhaa hauoni kitu. Usijibanze kwenye ukingo kabisa wa lami, kwa sababu pale ndipo penye ngazi iliyofunikwa na maji. Kaa kama nusu mita hadi mita moja ndani, shika usukani kwa mikono miwili, na ukilisikia linakuja nyuma, acha kukanyaga, linyooshe gurudumu na ulingoje lipite.

Siku ambazo hutoki

Ukiona mwanga wa radi, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilometa moja. Ukisikia kabla ya kufika thelathini, ingia ndani ya jengo, na utoke nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Mpira wa tairi haukukingi na radi. Chini ya mwembe au mnazi ni mahali pabaya kuliko hata barabarani.

Maji yanayokwenda kwa kasi usiyaingie, yawe ya mto au ya mtaro uliofurika. Sentimeta kumi na tano tu za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, na baiskeli inazidi kuyapa mahali pa kusukuma. Waya wa umeme ukiwa umeanguka kwenye maji, kaa mbali sana, wazuie na wengine, na upige TANESCO. Zimamoto na uokoaji ni 114.

Siku hizo panda gari, na usijione umeshindwa. Ni siku chache katika masika yote.

Hatua ya saba: ukifika, na ukirudi

Kazini, zungumza mapema na mlinzi au msimamizi upate sehemu yenye paa. Kiti kivishe kipande cha kiroba, sponji ikishanyonya maji haikauki siku nzima. Kabla hujavaa nguo za kazi, osha miguu kwa maji safi na sabuni, hasa kama una mchubuko. Maji ya mitaroni yanaweza kubeba kipindupindu, na pia homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022; inatoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, na inaingilia kwenye vidonda. Kidonda kifunike kabla ya kutoka nyumbani. Ukipata homa kali na maumivu ya misuli siku au wiki chache baada ya kukanyaga maji ya mafuriko, mweleze daktari kwamba ulipita humo.

Jioni, dakika tano zinatosha. Inua gurudumu la mbele, igongeshe baiskeli chini kwa tairi ya nyuma mara mbili tatu maji yadondoke. Pitisha kitambaa kikavu kwenye cheni huku ukizungusha pedeli kinyumenyume, weka tone la oili kwa kila kiungo, subiri kidogo, kisha futa oili yote iliyobaki nje. Inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani. Ya nje inakusanya mchanga tu. Futa rimu na raba za breki kwa kitambaa kingine, kamwe kisiwe kile cha cheni. Hewa yetu ina chumvi, na baiskeli iliyolala na maji usiku mmoja inaamka na kutu kwenye nati za spoki. Kama umepita mahali maji ya bahari yamepanda barabarani, imwagie maji yasiyo na chumvi kabla ya kuifuta.

Kila Jumamosi kagua unene wa raba za breki. Mchanga wa masika unazila kwa kasi kuliko kiangazi chote, na punje ya mchanga ikinasa ndani ya raba inachora rimu. Ichokoe kwa ncha ya kisu. Zungusha magurudumu baiskeli ikiwa imepinduliwa, sikiliza. Haba ikitoa sauti ya kukwaruza, maji yameingia, na hiyo haisubiri.

Mvua zikikatika, mwanzoni mwa Juni, mpelekee fundi afungue haba zote mbili, boksi la krenki na vikombe vya usukani. Grisi ya zamani itolewe yote, goroli zenye madoa zibadilishwe, na iwekwe grisi mpya. Mwambie pia achomoe nguzo ya kiti, ageuze fremu kichwa chini, maji yaliyoingia kwa juu yatoke. Nguzo ikirudishwa, viringisha kipande cha tyubu pale inapoingia kwenye fremu, mvua za vuli zisipate mlango.